Simbilisi anajikuna mpaka anatoka damu na akiguswa anatetemeka, hawa ni chawa au kitu kingine?

MamaWawili

Wakuu habari zenu, naomba msaada wa haraka maana hapa nilipo nimechanganyikiwa. Nina simbilisi wanne wote majike, watatu nimekaa nao muda sasa na wa nne kaja juzi juzi tu hapa yuko na wenzie banda moja. Sasa yule mkubwa tunamwita Chenga ameanza kujikuna, na sio kule kujikuna kwa kawaida kwa sekunde mbili alafu anaendelea na mambo yake, huyu anainua mguu wa nyuma anakuna anakuna mpaka anaangukia ubavu, akiinuka anageuza shingo anajitafuna mgongoni kwa hasira. Manyoya yamemtoka mabegani na mapaja ya ndani, ngozi imekua ngumu ina magamba ya njano njano na kuna sehemu pamechimbika na kucha zake mwenyewe.

Kilichonitisha zaidi ni jana, nilimshika nimpake mafuta kidogo ya nazi pale palipokauka, nilivyomgusa tu mgongoni akapiga yowe alafu mwili wote ukaanza kutetemeka kichwa kimerudi nyuma miguu inapiga piga hewani, yani degedege kabisa. Ikapita, akalala kimya anapumua haraka haraka. Mpaka sasa anakula lakini kidogo sana.

Nikawakagua wengine na tochi. Huyu mgeni nyuma ya masikio nimeona vidudu vyembamba virefu rangi ya majani makavu vinakimbia kwenye manyoya ukipuliza, na vitu vyeupe vidogo vimeganda kwenye nywele hata ukivuta havitoki. Kwaiyo mimi nikahitimisha ni chawa. Ila Chenga mwenyewe nimemtafuta vidudu mpaka macho yameniuma sijaona hata kimoja, na yeye ndo anaumwa kuliko wote!

Maswali yangu: watoto wanawabeba kila siku na mdogo ana vipele vinawasha mikononi kwa ndani, je atapata chawa kichwani? Nina shampuu ya viroboto ya mbwa, naweza kuwaogeshea? Na kuna jirani anafuga ng'ombe amesema ana ivermektini ya sindano (dawa ya wadudu na minyoo) anaweza kunipigia, nikubali au niache? Ahsanteni.

---

kibunju88

Dada usipanik hao ni chawa tu, kila simbilisi anao. Mwagia unga wa viroboto banda zima na wenyewe, wiki moja wamekwisha. Hiyo ya kutetemeka ni woga tu simbilisi ni waoga sana hata mlango ukifungwa kwa nguvu wanaruka.

---

BiTausi_mfugaji

Kibunju mwanangu hapo kwenye woga sikubaliani na wewe hata kidogo. Mnyama mwoga anaganda au anakimbia, harushi kichwa nyuma akapiga miguu hewani. Na unga wa viroboto kuwapaka wanyama ambao kutwa nzima kazi yao ni kujilamba na kulambana, sijui utaishia tumboni mwa nani.

MamaWawili pole sana. Mimi nimefuga hawa viumbe miaka mingi na nikikusoma naona una matatizo mawili kwa wakati mmoja, ndio maana unachanganyikiwa. Ulichokiona kwa huyo mgeni ni chawa kweli. Ila kinachomtesa Chenga sio chawa.

Ngoja nieleze kwa utaratibu kadiri nitakavyoweza. Chawa wa simbilisi unawaona kwa macho, ni wembamba, wanakimbia, wanapenda nyuma ya masikio pale penye upara kidogo (huo upara wa nyuma ya masikio ni wa kuzaliwa nao msiutibu jamani, kila mtu mgeni anakuja na picha yake) na mayai yao yanagandishwa kwenye unywele kwa gundi, ndo hayo uliyovuta hayatoki. Simbilisi mwenye afya anaweza kuwa nao hao wala usijue, anajikuna kidogo, manyoya yanakua hayana mng'ao, basi. Wakizidi sana ndo utaona anapukutika na kukosa raha.

Alafu kuna utitiri, na utitiri wenyewe sio mmoja. Kuna wa manyoya, huyu anashika unywele tu hagusi ngozi, utamwona kama vidoa vyeusi vidogo kwenye manyoya ya kiunoni na nyuma karibu na makalio, mara nyingi hamsumbui mnyama kiasi hicho. Na kuna yule wa ndani ya ngozi, huyo ndo baba lao. Huyu humwoni hata ukiwa na tochi ya mgodini, kwa sababu anachimba njia chini ya ngozi kama fuko shambani na anataga humo humo. Ndo maana Chenga umemtafuta ukakosa. Huyo ndo analeta magamba ya njano, ngozi kunenepa, mabega na mapaja ya ndani kunyonyoka, na kuwasha kwa kiwango ambacho mnyama anapata degedege kwa sababu ya mwasho tu. Na anaua. Simbilisi anaacha kula, anapungua, anakufa, na watu wanasema alikufa ghafla.

Kwaiyo wale unaowaona sio wa kukunyima usingizi.

Shampuu ya mbwa weka pembeni. Usimwogeshe Chenga kwa chochote kwa sasa, hata maji matupu. Kumgusa gusa ndo kunamwamshia hiyo degedege. Mweke peke yake sehemu ya giza kidogo, tulivu, kitambaa laini chini badala ya nyasi zinazochoma, umpeleke kwa daktari wa mifugo anayejua wanyama wadogo leo kama inawezekana, sio wiki ijayo.

---

dkt_malisho

Nimesomea mifugo, naongezea kwa alichosema Bi Tausi ambaye kwa kweli amemaliza sehemu kubwa.

Degedege kwa simbilisi mwenye magamba na upara wa namna hiyo, cha kwanza kufikiria ni huo utitiri wa ndani ya ngozi, yani ukurutu. Daktari atakwangua ngozi kidogo aangalie kwenye hadubini. Ila MamaWawili naomba uelewe jambo hili mapema: akikwangua asipoona kitu haimaanishi hakuna. Wanakaa ndani, unaweza kukwangua pembeni yao ukawakosa. Madaktari wengi wakiona dalili kama hizi wanaanza tiba hata kama hadubini haijaonyesha kitu, na mnyama akipata nafuu hilo ndilo jibu lenyewe. Kwa mnyama mwenye degedege hata huko kukwangua saa nyingine kunasubiri mpaka atulizwe kwanza, kuna dawa za kutuliza kama diazepamu ambazo dokta anazo. Usizitafute mwenyewe.

Sasa kuhusu jirani na ivermektini yake. Dawa yenyewe ni sahihi, ndiyo hiyo hiyo inayotumika. Tatizo ni nguvu yake. Ile ya sindano ya ng'ombe ni asilimia 1, maana yake kila mililita 1 ina miligramu 10, na kwenye chupa imeandikwa mililita 1 kwa kila kilo 50 za mnyama. Simbilisi mkubwa ana gramu 700 mpaka 1200. Kwa kiwango kinachotumika sana kwa ukurutu cha miligramu 0.4 kwa kilo, simbilisi wa gramu 800 anahitaji miligramu 0.32, ambayo ni mililita 0.032. Chukua sirinji ya kawaida uliyonayo nyumbani ujaribu kupima hiyo, huwezi, ni chini ya tone. Mtu wa ng'ombe akiona sirinji inaonyesha kidogo vile anaona aibu anaongeza mpaka 0.3 "ili ifanye kazi" na hapo mnyama kapata mara kumi. Kwaiyo jibu ni hapana kwa jirani, sio kwa ubaya, mkono wake umezoea wanyama wa kilo mia tatu.

Daktari anaweza kuipunguza makali, au akatumia sirinji ya insulini ya mililita 1 yenye mistari 100, ambapo huo mfano wangu ni kama mistari mitatu. Au akakupa selamektini ya matone ya kuweka shingoni nyuma, hii mimi naipenda zaidi kwa wanyama wa nyumbani kwa sababu haihitaji kumchoma na kumshikilia sana.

Na hapa kuna kitu wengi hawakijui. Chawa wa simbilisi wanatafuna ngozi na uchafu wa juu juu, hawafyonzi damu kama wale wa kichwani kwetu. Dawa ya sindano inapita kwenye damu. Kwaiyo unaweza kumpiga mnyama ivermektini ukurutu ukaisha vizuri ukashangaa chawa bado wapo, ukasema dawa feki. Sio feki, haijawafikia vya kutosha. Ya matone inasambaa juu ya ngozi inawapata wote wawili. Kwa hali yako yenye chawa na ukurutu pamoja mwambie dokta hivyo hivyo ulivyotuambia sisi.

Jambo la mwisho na tafadhali lisipite: hivyo vidonda vya kucha vinaweza kuingia bakteria, usaha ukatokea, na mtu akakushauri amoksilini ya watoto. USIMPE. Simbilisi akimezeshwa dawa za jamii ya penisilini, bakteria wazuri wa tumboni wanakufa, wabaya wanachukua nafasi, anaharisha na kufa ndani ya siku chache. Antibaiotiki zinazomfaa zipo, dokta atachagua.

---

kibunju88

Aisee hiyo ya amoksilini ndo naisikia leo. Haya mimi nakaa kimya nasoma. Ila swali, si ivermektini ndo ile waliyopigia kelele watu wakati wa korona? Ni salama kweli?

---

dkt_malisho

Ndiyo hiyo. Ni dawa ya minyoo na wadudu wa ngozi, binadamu wanapewa kwa ajili ya usubi na matende miaka mingi sana, waliogundua chanzo chake William Campbell na Satoshi Ōmura walipewa Nobel mwaka 2015. Kwenye kazi yake ni dawa nzuri mno. Kwa kirusi cha korona ndo ilipelekwa kazi isiyo yake. Turudi kwa Chenga.

---

zuhura_manyoya

Jamani msinipige mawe ila naomba nitoe angalizo, sio kila upara ni wadudu. Mimi nilikua na jike wa umri wa miaka mitatu na kitu, akaanza kunyonyoka ubavuni, kushoto na kulia sawa sawa, ngozi laini haina gamba wala hajikuni. Kila mtu akaniambia utitiri, akapigwa dawa za utitiri zikaisha, upara ukabaki pale pale. Mwisho dokta mwingine akampapasa tumbo akasema ana vifuko vya maji kwenye ovari. Majike wakubwa wanapata sana. Alama yake ni hiyo, pande zote mbili sawa, hawashwi, na saa nyingine anakua mkali anapanda wenzie kama dume.

Na fangasi pia! Fangasi anaanzia usoni, puani, kuzunguka macho na masikio, duara lenye gamba pembeni. Huyo ndo wa kumwogopa zaidi kwa watoto maana anahamia kwa binadamu kabisa na anakaa.

Ila kwa Chenga anayejikuna mpaka anaanguka nakubali huo ni ukurutu, nimesema tu kwa watakaosoma baadae.

---

BiTausi_mfugaji

Zuhura umesema kweli tupu. Na ongeza wale wanaonyonyoana manyoya wenyewe kwa wenyewe kwa kuchoka kukaa bure au kukosa nyasi, hapo utaona unywele umekatwa kama na mkasi, haujang'oka. Ngozi chini safi kabisa.

Kuhusu mtoto, MamaWawili, chawa wa simbilisi hawaishi kwa binadamu, kichwa cha mwanao kiko salama. Ila utitiri wa ukurutu unaweza kumtembelea mtu aliyembeba mnyama, unauma, unawasha, vipele vinatoka pale mnyama alipolala, mikononi kwa ndani, shingoni, kifuani. Hauwezi kuzaliana kwa mtu kwaiyo mnyama akitibiwa na vipele vinaisha vyenyewe. Kwangu mimi vipele vya huyo mtoto ni ushahidi tosha kuliko hata hadubini. Mpumzisheni kubeba kwa sasa. Vikiwa vya duara vyenye gamba, au visipoisha, mpeleke hospitali aangaliwe fangasi.

---

MamaWawili

Jamani Mungu awabariki sana. Nimetoka kwa daktari. Chenga alipata tena degedege kwenye boksi njiani lakini fupi. Dokta hata hakukwangua, alimchoma kwanza dawa ya kumtuliza, akasubiri, ndo akaangalia ngozi, akasema ukurutu wazi wazi. Mizani yake ilionyesha gramu 710 na mimi mara ya mwisho nilimpima alikua 890 kwaiyo kakonda vibaya mno. Amepewa matone shingoni, na ya maumivu ya kunywa. Wale wengine watatu nao wamepewa matone wote ijapokua wawili hawaonyeshi chochote.

Nimeambiwa turudie. Nilimuuliza kwanini nirudie kama dawa ni nzuri akanijibu haraka haraka kulikua na foleni sikumuelewa vizuri. Pia nimerudi nyumbani naangalia banda sijui nianzie wapi, la mbao, kuna kijumba cha mbao ndani, kuna gunia zima la nyasi nimelinunua juzi, nitupe vyote? Alafu dokta kasema huyo mgeni huenda ana mimba, amemgusa tumbo akasita sita.

---

dkt_malisho

Umefanya vizuri sana kwenda. Kurudia ni hivi: dawa inaua wadudu walio hai, mayai haiyagusi. Mayai ya chawa yanaanguliwa ndani ya wiki hivi, na utitiri wa ukurutu kutoka yai mpaka kuwa mkubwa anayetaga unachukua kama wiki mbili. Kwaiyo ukitoa dozi moja ukaacha, mnyama anapata nafuu, unafurahi, waliokua mayai wanakua, na mwasho unarudi. Dozi ya pili inawakamata hao wakiwa hai kabla hawajataga wao. Ndo maana tarehe aliyokupa dokta uiheshimu, usisogeze mbele kwa sababu eti hajikuni tena. Hajikuni ndo hasa wakati wenyewe. Wengi wanahitaji na ya tatu.

Jiandae pia kwa jambo moja, siku za mwanzo baada ya dawa anaweza kujikuna zaidi kuliko kabla, wadudu wanakufa ndani ya ngozi na ngozi inawaka. Kwa mnyama mwenye degedege ndo maana amepewa na ya maumivu, usiiruke hata dozi moja.

Na kuwatibu wote wanne ni sahihi. Huyu utitiri anaweza kukaa kwa mnyama kimya kabisa bila dalili, akasubiri mwili uchoke ndo akalipuka. Mnyama mgeni bandani, kugombania nafasi, mimba, uzee, ugonjwa mwingine, ukosefu wa vitamini C, vyote vinamfungulia mlango. Kwaiyo hata huwezi kusema kwa uhakika huyo mgeni ndo kaleta, inawezekana Chenga alikua nao siku zote na ujio wa mwenzie umempa stresi tu. Hao wawili wanaoonekana wazima ukiwaacha watawarudishia wenzao.

---

BiTausi_mfugaji

Usitupe banda mwanangu. Chawa na utitiri wa hawa wanyama wanaishi kwenye mwili, nje ya mwili hawadumu sana, wanakufa njaa. Tofauti na viroboto ambao wanakaa kwenye zulia wakikusubiri.

Ninavyofanya mimi: nguo na vitambaa vyote naloweka maji ya moto sana nafua naanika juani. Matandiko ya chini natupa yote siku ya dozi, banda nasugua kwa sabuni na maji moto hasa kwenye kona na kwenye nyufa za mbao, nakausha kabisa kabisa kabla hawajarudi maana unyevu nao ni balaa jingine la fangasi. Kijumba cha mbao kama kinapasuka pasuka kitoe mpaka tiba iishe, waweke boksi la karatasi, ukibadilisha unalitupa. Na siku ya dozi ya pili narudia usafi ule ule, kwa sababu hakuna maana ya kumsafisha mnyama ukamrudisha kwenye nywele zenye mayai.

Gunia la nyasi mimi ningelitumia ila kuna wanaosema uweke kwenye friza siku mbili. Ukiwa na nafasi sawa, huna acha.

---

zuhura_manyoya

Bi Tausi hapo kwenye nyasi mimi nabisha kidogo kwa heshima. Mimi sharti la friza silivunji, kila furushi linapita humo saa 48, tangu nianze sijaona tena vidudu. Nyasi zinalala stoo na wanyama wengine, huwezi jua panya gani kapita.

---

BiTausi_mfugaji

Panya ana wake na simbilisi ana wake, lakini sawa mama, friza haijamuua mtu. Ninachosema tu asidhani nyasi ndo mchawi wakati mchawi yuko mgongoni. Watu wanagandisha nyasi kwa bidii alafu dozi ya pili hawatoi.

---

kibunju88

Hahaha. Swali la kitoto: hiyo vitamini C wanapewaje? Mimi wangu nawapa chakula cha sungura na wanakula vizuri tu.

---

dkt_malisho

Sio swali la kitoto. Simbilisi ni kama sisi, mwili wake hautengenezi vitamini C, lazima ale. Sungura anatengeneza mwenyewe, kwaiyo chakula cha sungura hakiwekewi. Mzima anahitaji kama miligramu 10 kwa kilo kwa siku, mgonjwa au mwenye mimba mpaka 30. Akikosa, ngozi inadhoofika, vidonda haviponi, viungo vinauma, anakua kapu wazi kwa kila mdudu. Pilipili hoho kipande kila siku inasaidia sana, nyekundu ina nyingi kuliko ya kijani. Kuweka vidonge kwenye maji ya kunywa mimi sishauri, mwanga na hewa vinaiharibu mapema, maji yanabadilika ladha mnyama anaacha kunywa, umepoteza viwili. Mpe mdomoni kwa sirinji au kwenye mboga.

Kibunju badilisha hicho chakula bana.

---

MamaWawili

Hoho wanapata ila sio kila siku, nitaongeza. Nimeelewa sasa hiyo ya mayai, dokta angesema hivyo hivyo nisingeuliza.

Maendeleo: usiku wa kwanza alijikuna kweli sana mpaka nikataka kumrudisha, ila hakupata degedege. Leo asubuhi nimemkuta amekaa kwenye kitambaa anatafuna nyasi, sauti ya kutafuna naisikia kabisa, nikamwekea kipande cha hoho karibu na pua bila kumgusa akakivuta. Magamba mengine yameanza kubanduka yenyewe na manyoya yake, chini ngozi ya pinki. Naomba kujua, hayo magamba niyatoe? Kuna mtu kaniambia niyalainishe na mafuta niyachane na kitana. Na huyu mwenye mimba nifanyeje?

---

dkt_malisho

Usitoe. Yatabanduka ngozi ikipona, ukiyavuta unafungua kidonda na unamgusa pale pale panapomwashia. Kitana subiri, labda baadae kwa wale wenye mayai ya chawa, chawa waliokufa wanaacha maganda kwenye nywele yanabaki mpaka nywele idondoke, usione yale ukadhani tiba imeshindwa. Kipimo ni kama kuna kinachotembea. Chukua selotepu bandika kwenye manyoya bandua, iweke juu ya karatasi nyeusi, piga picha na simu uikuze.

Mpime Chenga kila siku saa ile ile, kwa mizani ya jikoni. Akisimama kwenye uzito wake kwa sasa inatosha, akianza kupanda vizuri. Akishuka tena, au akipitisha siku bila kula na bila kutoa choo, hiyo ni dharura, tumbo lake halitakiwi kukaa tupu. Loweka chakula chake cha punje kikawa uji mzito, mlishe kwa sirinji pembeni ya mdomo kidogo kidogo wakati unajipanga kumpeleka.

Mwenye mimba mwambie dokta kabla ya dozi ya pili ili aamue. Mimba yao ni siku 59 mpaka 72, ndefu kwa mnyama mdogo hivyo, na watoto wanazaliwa na manyoya macho wazi wanatembea. Kama ana wadudu watawapata kwa mama yao, kwaiyo nao waangaliwe wakizaliwa. Mshike kwa kumweka mkono chini ya makalio na kifua, usimnyanyue kwa mabega, na usimgeuze tumbo juu kutafuta chawa.

---

BiTausi_mfugaji

Na ukiletewa mwingine, wiki mbili tatu chumba kingine kabisa, unamkagua, unawahudumia wako kwanza ndo unaenda kwake, unanawa mikono. Hata akitoka kwa ndugu yako wa damu.

---

zuhura_manyoya

Hasa akitoka kwa ndugu, maana hao hata hawakwambii kuwa walikua wanajikuna.

---

MamaWawili

😂😂 Zuhura umepata kabisa, nimempigia shemeji kumuuliza akasema "ee walikua wanajikuna kuna kidogo tu". Haya nimeandika tarehe ya dozi ya pili kwenye kalenda ya ukutani na kwenye simu, na nitapitia kwa dokta kabla ya hapo kuhusu huyo mwenye mimba. Vipele vya mtoto bado vipo ila havijaongezeka, vya duara hakuna. Nikipima kesho nitaweka uzito hapa.